Nani aliuambia mfupa basi?

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Maiki inakatakata ila twende hivyohivyo. Nianze na ukuta. Kwetu mama alikuwa anatupima urefu kwenye ukuta wa jikoni, anapiga kistari kwa mkaa kila Idi. Vistari vya kaka yangu vilibanana miaka na miaka, halafu alipofika 13 hivi kikaruka kiganja kizima, mwaka wa pili yake kikaruka tena, kufika 18 vinaandikwa palepale mpaka mama akachoka akaacha. Sasa swali langu leo ni hilo tu, nani aliuambia mfupa basi?

Kurefuka kunaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, pituitari, ndo inamwaga homoni ya ukuaji na inamwaga nyingi zaidi mtoto akiwa kwenye usingizi mzito (wale mnaowaachia watoto simu mpaka saa saba usiku, mimi simo). Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna gegedu, ile tishu ngumu kidogo inayopindika kama ya sikio, na seli za pale zikipata ujumbe zinagawanyika, zinanenepa, zinageuka mfupa, mtoto anapanda.

Sasa hapa ndo patamu. Wengi tunadhani kwa mvulana testosteroni, homoni ya kiume, ndo inayofunga ile gegedu asirefuke tena. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani wakaandika habari za mwanamume wa miaka 28, sentimita 204, bado anarefuka! Amebalehe vizuri, testosteroni anayo ya kutosha, ila ukimpiga eksirei mifupa inasoma miaka 15. Tatizo lake seli zake zilikuwa haziisikii estrojeni. Ndiyo, hiyohiyo tunayoiita homoni ya kike, kumbe mwili wa mwanamume unageuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni na hiyo ndo inakuja kufunga mlango. Wasichana wanayo nyingi na mapema, ndo maana darasa la sita wanawapita wavulana halafu wanasimama kabla yao.

Na mifupa ya yule bwana ilikuwa imepungua uzito kama ya bibi kizee, kwasababu estrojeni ndo inazizuia zile seli zinazokula mfupa zisile kupita kiasi. Sasa mnaelewa kwanini mama zetu wakikoma hedhi, miaka 50 hivi, akijikwaa tu kwenye kizingiti mkono umevunjika. Yani homoni iliyomsimamisha asirefuke ndo ilikuwa inamlindia mifupa miaka yote hiyo. Na wale wanaouza vidonge vya kurefusha watu wazima mitandaoni, gegedu ikishafungwa hamna cha kidonge, mnakula hela za watu tu.

Tushuke kwenye seli yenyewe, nayo kuna kinachoiambia basi. Kuna daktari Mfaransa, Alexis Carrel, alidai New York kwamba seli za moyo wa kuku alizoanza kuzifuga 1912 hazifi, na dunia ikamwamini miaka mingi maana alikuwa na Nobel. Mwaka 1961 watafiti Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, Philadelphia huko Marekani, wakaonyesha seli za kawaida za binadamu zinagawanyika kama mara 50 zinasimama. Wakachanganya za kiume zilizozeeka na za kike changa kwenye chupa moja, baada ya muda zikabaki za kike peke yake, kwahiyo siyo uchafu wa chupa, ni umri wa seli.

Sababu moja ikaja kujulikana baadaye, chukua kanga mpya haijapindwa, kila ukifua inafumuka nyuzi pembeni. Ncha za kromosomu (zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), zinaitwa telomea, zinapungua hivyohivyo kila seli ikigawanyika, zikifika fupi sana seli inagoma. Nyingine zinakaa tu hazifi, zinamwaga kemikali zinazowasumbua majirani.

Ila mimi kinachonichekesha ni friza. Hayflick aligandisha seli zake nyingine zikiwa katikati ya safari, zikakaa kwenye barafu, na alipoziyeyusha zikaendelea kuhesabu palepale zilipoachia.