Senti Themanini za Rufiji

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunarudi hadi miaka ya tisini, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, Tanzania. Kaka Deo, ungekuwa mganga mkuu wa wilaya, ungejuaje watu wako wanakufa kwa nini?

DEO: Si nafungua kitabu cha hospitali, dada.

ZUHURA: Na aliyefia nyumbani?

DEO: Huyo... hayumo.

ZUHURA: Hayumo! Na wengi walikuwa wanafia nyumbani. Ndipo ukaja mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha Kanada, IDRC. Karani anapita kaya kwa kaya: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kama kuna msiba, baadaye anakuja mtu kukaa na mama wa marehemu, taratibu: mtoto alianza na nini? Homa siku ngapi? Alikakamaa?

DEO: Hapo mama anakwambia degedege.

ZUHURA: Na kwa wengi degedege haikuwa malaria, ilikuwa shughuli ya mganga wa kienyeji. Kuna walioamini kabisa kwamba akichomwa sindano anakufa.

DEO: Mdogo wangu alifukizwa kinyesi cha tembo. Harufu ile sijaisahau.

ZUHURA: Pole, kaka. Sasa mtoto wa hivyo hospitali haimjui, na bajeti nayo haimjui. Takwimu za Morogoro zilipowekwa kando ya bajeti ya 1996, malaria ilikuwa inakula kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa watu kufa mapema, ikipewa asilimia 5 ya fedha. Kifua kikuu, asilimia 4 ya hasara, asilimia 22 ya fedha.

DEO: Hapo hakuna mtu kala kweli?

ZUHURA: Acha bwana! Kila mpango wa ugonjwa fulani ulikuja na fungu lake kutoka juu, na mpango wa mwaka huu unanakili wa mwaka jana. Basi wilaya zikachorewa michoro, mzigo wa ugonjwa huku, pesa yake kule. Wakaanza kuhamisha fedha: vyandarua vyenye dawa, na mafunzo kwa wahudumu wa zahanati, kwamba mtoto akiletwa kwa kikohozi mwangalie na malaria, na kuhara, na lishe. Walitengewa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Unajua waliweza kutumia ngapi?

DEO: Zote, na wakaomba tena.

ZUHURA: Senti 80 hivi za dola.

DEO: Halmashauri ikabakiza pesa? Hii mpya!

ZUHURA: Na Rufiji vifo vya watoto wachanga vikashuka kutoka 100 kwa kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000.

DEO: Mwaka mmoja, dada? Mvua ikikata tu malaria inapungua. Halafu nchi nzima vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka, kutoka 147 kwenye utafiti wa 1999 hadi 112 kwenye ule wa 2004-05.

ZUHURA: Umenibana. Ile ya mwaka mmoja hata mimi siiegemei sana. Ila kwa miaka kadhaa, vifo vya watoto katika wilaya zote mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Senti 80 peke yake hazifanyi hivyo. Ni kujua pa kuzipeleka. Hivi yule mdogo wako, kuna kitabu popote kilichomwandika?

DEO: Hakuna. Hata cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukatiwa.