Sendofu, Ndafu na Diski Isiyosomeka

UPENDO: Mangi, juzi pale studio Moshi kaja mama mmoja na eksteno yenye sendofu ya binti yake. Mpiga video alitumia Mac. Nachomeka kwenye Windows, kibao kinatokea: fomati diski kwanza ndipo uitumie. Kufomati ni kufuta vyote, na kijana aliyemsindikiza, mkono tayari uko kwenye mausi!

MANGI: Ukamwahi?

UPENDO: Nilipiga kelele. Diski nzima kabisa, ni APFS tu, mfumo wa mafaili, yaani namna diski inavyoyapanga, ambao Apple waliuingiza kwenye Mac 2017. Windows haiusomi, basi inakuambia ufomati.

MANGI: Jamani, kibao hicho mkikiona, ghairini. Ukafanyaje?

UPENDO: Nikaazima Mac kwa jirani, ninakili kwenye flashi. Ikagoma. Flashi ni ya mfumo wa FAT32, humo faili moja halifiki GB 4, na kipande cha ndafu peke yake kimezidi.

MANGI: Ndafu lazima izidi!

UPENDO: Faili zima la mbuzi, Mangi?

MANGI: Dada, ndafu inaingia na majani mdomoni, watu wanacheza, inakatwa, wakwe wanalishwa. Ukate wapi hapo?

UPENDO: Kwenye kucheza.

MANGI: Shangazi zangu wote wako kwenye kucheza! Hao ndio wanaoitazama video kila Krismasi.

UPENDO: Haya. Flashi ilikuwa tupu, nikaifomati kwa mfumo mwingine, exFAT, usiobanwa na hizo GB 4.

MANGI: Inabeba ndafu ngapi?

UPENDO: Ukoo mzima. Ni ya Microsoft, ya 2006. Windows na Mac zinasoma na kuandika, Linux nayo tangu kerneli yake, yaani kiini chake, toleo la 5.4, mwaka 2019. Mimi nasema kila diski ya mteja iwe exFAT.

MANGI: Ya kubebea, sawa. Ya kuhifadhia, sikubali. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, inaandika kwanza inachotaka kubadilisha, ili umeme ukikatika ijue pa kuanzia. exFAT haina hiyo.

UPENDO: Lakini Mac inaisoma NTFS tu, haiandiki bila programu ya ziada. Mteja wa Arusha anataka kuongeza picha, nimwambieje?

MANGI: Anakili kwake, aongeze huko.

UPENDO: Na hicho unachokisifu kinalinda mpangilio wa mafaili, si picha zenyewe.

MANGI: Mpangilio ukivurugika, picha utazipatia wapi?

UPENDO: Kwenye nakala ya pili.

MANGI: Nani Moshi hii ana nakala ya pili? Watu wana diski moja, sherehe zote humo.

UPENDO: Ndiyo maana nataka hiyo moja isomeke popote!

MANGI: Na mimi nataka iwe hai.

UPENDO: Sijakubali.

MANGI: Wala mimi. Na tuliwaahidi wasikilizaji ext4, mfumo wa mafaili wa Linux: jinsi ya kusoma diski ya Linux ukiwa Windows.

UPENDO: Muda umekwisha, tumeumaliza kwenye ndafu. Kwa kifupi, tafuteni WSL, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ina amri ya kuipachika diski hiyo ili isomeke.

MANGI: Na diski zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows?

UPENDO: Hizo wiki ijayo.