Nukuu za Babu

MWANAESHA: Karibuni tena barazani kwetu. Shee leo kaja amenuna.

SHEE: Sikununa, nimechoka. Wiki hii nilikuwa namfungulia kijana mmoja mtafiti wa Langoni ukurasa wa Google Scholar, tovuti inayohesabu makala ya mtafiti yametajwa, yaani yamenukuliwa, mara ngapi na wenzake. Yeye Ali, babake Omari, babu yake Bakari. Mtambo ukamwandika "AO Bakari".

MWANAESHA: Yaani babu ndiye anayenukuliwa!

SHEE: Babu, Mungu amrehemu, ambaye maabara hakuwahi kuiona.

MWANAESHA: (anacheka) Haya, tuliahidi kumzungumzia John Hardy, mtafiti wa Alzheimer, maradhi ya kusahau, na hatua tatu za kusoma rekodi ya mtafiti. Tumwanze Hardy kabla babu hajatumalizia muda.

SHEE: Mwingereza. Mwaka 1991, akiwa London, kundi lake lilionyesha kwamba baadhi ya familia zenye Alzheimer ya mapema zilikuwa na hitilafu kwenye jeni ya APP, ya protini inayozaa amiloidi, kromosomu ya 21: nafasi ya 717, kijenzi cha protini kiitwacho valini kimegeuka isolusini. Mwaka uliofuata akaandika na Gerald Higgins kwenye jarida la Science. Wakasema amiloidi, protini inayojikusanya ubongoni, ndiyo chanzo cha Alzheimer. Nyuzi za tau, protini nyingine, kufa kwa seli na kusahau hufuata. Kurasa mbili tu.

MWANAESHA: Na zimenukuliwa mara maelfu.

SHEE: Ila kwenye h-indeksi yake, namba ya kumpima mtafiti kwa nukuu, zinaongeza moja tu. Hirsch, mwanafizikia, aliipendekeza mwaka 2005. Panga makala kuanzia inayonukuliwa zaidi, kisha tafuta ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui nafasi yake. Tuseme nukuu ni 40, 22, 9, 5, 4, 3. Ya nne ina nukuu 5, imefika. Ya tano ina 4, haikufika. Basi h ni 4. Ile ya 40 hata ingekuwa 4,000, h ni 4 vilevile.

MWANAESHA: Na babu je?

SHEE: Anaingia hapo hapo! Wako wengi wanaoandikwa "J Hardy". Ukiiacha Google Scholar ijiongezee makala yenyewe, ya mtu mwingine huingia na h hupanda. Nenda kwenye mipangilio, chagua uletewe barua pepe uidhinishe kwanza. Scopus, hifadhidata nyingine ya makala, nayo huhesabu majarida iliyoyaorodhesha tu, kwa hiyo h ya mtu huyo huyo huwa ndogo zaidi huko.

MWANAESHA: Sasa mzee Bakari awe na wajukuu wanane wasomi, Ali, Athman, Abubakar...

SHEE: Wote "A Bakari".

MWANAESHA: Mzee atapewa uprofesa kaburini!

SHEE: Na huyu kijana makala ya pili akiiandika "Ali Omari", nukuu zinagawanyika: nusu za babu, nusu za baba. Achague umbo moja tangu makala ya kwanza. Ajisajili ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, tarakimu 16, ni bure, na aiweke kila anapotuma makala.

MWANAESHA: Mimi nina neno jingine. Ile makala ya Nature ya 2006 kuhusu amiloidi na kumbukumbu za panya, iliyoondolewa jaridani 2024 kwa picha zilizochezewa. Ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 2,000. Nukuu zile zifutwe kwenye h ya kila aliyeiandika.

SHEE: Hapana, da Esha. Walionukuu walinukuu kweli. Ukizifuta unaficha kosa lilisambaa hadi wapi.

MWANAESHA: Historia ikae jaridani. Watu hupewa kazi na fedha kwa namba hiyo.

SHEE: Kamati isiyosoma makala, kosa ni lake. Na nukuu si kura. Lecanemab, dawa ya Alzheimer, inaiondoa amiloidi kwelikweli, lakini baada ya miezi 18 tofauti na dawa bandia ilikuwa pointi 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa maradhi chenye pointi 18. Wanaoitetea dhana ya Hardy wanamnukuu, wanaoipinga wanamnukuu. Utazifuta zipi?

MWANAESHA: Usinichanganyie. Kupingwa ni kitu kimoja, kuchezea picha ni kingine. Hardy hana kesi hapa.

SHEE: Kwenye hesabu kila moja ni nukuu moja tu, ya kusifu au ya kupinga.

MWANAESHA: Ndiyo nisemalo, hesabu yenyewe mbovu!

SHEE: Mbovu, lakini usiipake rangi.

MWANAESHA: Fundi anatuonyesha kidole, dakika moja. Hatua tatu zenyewe hatukuzigusa. Na zile tafiti za jeni zenye waandishi mia na ushei, kila mmoja akihesabiwa nukuu zote?

SHEE: Hizo zilale. Lakini ukifuta za 2006, da Esha, na aliyeandika makala tatu juu yake utamfanya...

MWANAESHA: Kata, fundi. Kata!