Si Mwanajeshi Mimi, na Jina la Kofia Si la Jenerali

Haya, asalaam aleikum, nawasalimu kutoka Norfolk, Virginia. Sikupanga kurekodi leo, lakini tangu ile video niliyovaa kofia yenye jina la meli ninayofanyia kazi, USNS Medgar Evers, swali ni lilelile: "Kaka, umeingia jeshi la Marekani? Na huyo Medgar Evers ni jenerali gani?" Wengine mmeshaamua najionyesha. Mmoja kaandika eti nimeuza nchi. Hilo liliniuma, bwana, nikalala macho wazi usiku mzima.

Mimi ni mtumishi wa kiraia, si askari, nafanya kazi jikoni melini. Meli ikiandikwa USNS, ni ya jeshi la majini la Marekani, ila mabaharia wake ni watumishi wa kiraia. Wanajeshi humo ni wachache. Tunabeba vyakula, vipuri, mafuta, na risasi pia, siwafichi. Manowari ikipungukiwa tunakutana nayo baharini, tunakwenda ubavu kwa ubavu, kama mita 50 hivi katikati. Waya unavutwa, shehena inavuka ikining'inia. Mara yangu ya kwanza niliona katoni za mayai zikiyumba juu ya ile mikondo inayochemka baina ya meli mbili, nikashika chuma mpaka vidole vikafa ganzi. Meli iko wapi na inakwenda wapi, hilo msiniulize.

Sasa pesa, maana najua ndiko mnakonivuta. Kazi hii lazima uwe raia wa Marekani, green card, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, haitoshi. Nilikaa miaka mitano na green card ndipo nikaomba uraia, na fomu ya karatasi sasa ni dola 760. Ongeza hati ya ubaharia ya huku, kitambulisho cha bandari, vipimo vya afya, uchunguzi wa usalama. Kitabu changu cha ubaharia cha Mombasa hakikunipandisha ngazi hata moja. Alama za vidole nilichukuliwa mara mbili kwa sababu karatasi moja ilipotea kwao, na siku ile sikulipwa kazini. Na kabla ya yote hayo, ajenti mmoja huko nyumbani alikula shilingi 80,000 zangu, mama kauza mbuzi. Kwa hiyo mkiniona nimenyamaza mnaponiambia "nifanyie mpango", si roho mbaya. Hayo yalikuwa yangu. Yako huenda yakawa mepesi, huenda yakawa mazito zaidi.

Turudi kwa Evers. Alizaliwa jimbo la Mississippi 1925. Vita vya Pili vya Dunia akatiwa kikosi cha watu weusi cha kupakia na kupakua shehena, akafika mpaka Normandy, Ufaransa. Akarudi, na 1946, yeye na ndugu yake na wenzao wakaenda kupiga kura mjini kwao Decatur, wakazuiwa na Wazungu wenye silaha. Kuanzia 1954 akawa mtu wa NAACP jimboni, chama cha kutetea haki za watu weusi, akiandikisha wapiga kura na kuchunguza mauaji. Mwanawe wa kwanza alizaliwa 1953, mwaka uleule Mzee Jomo alipohukumiwa Kapenguria, akamwita Darrell Kenyatta. Kenyatta huyuhuyu wetu! Tarehe 12 Juni 1963, siku 11 baada ya Madaraka yetu Kenya, Evers akapigwa risasi ya mgongo nje ya nyumba yake, mjini Jackson. Muuaji hakutiwa hatiani hadi 1994.

Kuna aliyeniuliza kama meli ya risasi inamfaa mtu aliyeuawa kwa risasi. Swali hilo naliheshimu, na usiku nikiosha sufuria huwa linanijia. Lakini aliyelichagua jina, 2009, ni Ray Mabus, waziri wa jeshi la majini aliyewahi kuwa gavana wa Mississippi hiyohiyo. Na aliyevunja chupa kwenye omo kuibatiza meli, San Diego, Novemba 2011, ni mjane wa Evers mwenyewe, Myrlie. Yeye akiridhika, mimi sina la kuongeza. Tena Evers alikuwa mpakuzi wa shehena, kama sisi. Nikishuka ngazi, jina lake nalisoma kwenye tezi, na kofia sitaivua.

Maswali ya karatasi andikeni hapo chini, ila kila mtu ataje yuko nchi gani na ana hati gani, maana jibu la aliyeko Likoni si la aliyeko Minnesota.