Kura 280: kiti cha Mwanasheria Mkuu wa Arizona na sisi tunaokiruka

(Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Phoenix, Arizona, 2026)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Ndugu zangu wa Goma, wa Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, asanteni kwa kuja, maana najua wapo humu waliotoka zamu ya usiku na hawajapata hata lepe la usingizi.

Asubuhi, kabla hamjaingia, nilihesabu viti vya ukumbi huu. Viko 140. Kumbi mbili za ukubwa huu zikijaa ni watu 280. Mwaka 2022, katika jimbo hili lenye watu zaidi ya milioni 7, Mwanasheria Mkuu alipatikana kwa tofauti ya kura 280. Kris Mayes wa chama cha Democratic alipata kura 1,254,809. Abe Hamadeh wa Republican alipata 1,254,529. Toeni wenyewe.

Nataka nikae kidogo kwenye hesabu hii kwa sababu kila ninapoitaja kuna anayedhani nimekosea. Matokeo ya kwanza yaliyoidhinishwa yalimpa Mayes uongozi wa kura 511. Sheria ya Arizona ilikuwa imebadilishwa mwaka huohuo, ikasema tofauti ikiwa nusu ya asilimia au chini ya hapo, kura zihesabiwe upya bila mtu kuomba. Zikahesabiwa. Tarehe 29 Desemba jaji akasoma matokeo mahakamani, na 511 ikawa 280. Nini kilitokea? Sehemu kubwa ilitoka Pinal, kaunti iliyo kusini mwetu hapa, ambako ziligundulika kura takriban 500 ambazo hazikuwa zimeingia kwenye hesabu ya kwanza. Maafisa wa kaunti wakasema ni makosa ya kibinadamu. Kura nyingi kati ya hizo zilikuwa za Hamadeh, naye akaupinga ushindi wa Mayes mahakamani, akaendelea kuupinga hata baada ya Mayes kuapishwa Januari 2023, na mahakama hazikumpa. Mwaka 2024 akagombea ubunge wa Marekani, akashinda. Ni mtoto wa wahamiaji kutoka Syria, aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti yetu hii ya Maricopa na afisa wa akiba wa jeshi. Mayes alikuwa mwandishi wa habari, kisha akakaa miaka kadhaa kwenye tume inayosimamia bei za umeme za jimbo, wakati huo akiwa Republican, kabla ya kuhama chama mwaka 2019. Nawaeleza haya mjue kwamba wote wawili walikuwa watu wenye sifa, na nusu kwa nusu ya jimbo ilimtaka kila mmoja wao.

Sasa sikilizeni hesabu ya pili, hii ndiyo iliyonileta mbele yenu. Siku ileile, kwenye karatasi ileile, watu walimchagua gavana. Jumlisha kura za wagombea wawili wakuu wa ugavana, Katie Hobbs na Kari Lake, unapita milioni 2.55. Jumlisha za Mayes na Hamadeh, unapata milioni 2.51. Kuna pengo la kura kama elfu 49. Yaani makumi kwa maelfu ya watu walishika kalamu, wakamchagua gavana, wakashuka chini kidogo, wakafika kwenye jina la Mwanasheria Mkuu, wakapaacha wazi. Elfu 49 kwa 280. Kila nikiiwaza hesabu hiyo nasikia uchungu, kwa sababu najua kwa macho yangu kwamba baadhi ya waliopaacha wazi ni watu wetu.

Oktoba 2022 nilikaa mezani na mama mmoja, jirani yangu, aliyepata uraia mwaka ule baada ya miaka mingi ya kambi. Karatasi yake ilikuwa imeletwa na posta. Mnaikumbuka ilivyokuwa ndefu, inchi 20, imeandikwa mbele na nyuma, Kiingereza na Kihispania. Akaifungua juu ya kitambaa cha meza, akailainisha kwa kiganja kama anayelainisha kanga. Akajaza kiduara cha seneta. Akajaza cha gavana, polepole, asitoke nje ya mstari. Alipofika kwa Mwanasheria Mkuu akainua kalamu. Akaniuliza, "Na huyu, mwanangu, ni wa nini?" Nikamjibu ovyo, nikamwambia ni wakili wa serikali. Akasema, "Basi wakili wa serikali serikali itamtafuta yenyewe." Akaruka.

Mama yule hakukosea kwa anakotoka. Mimi ndiye niliyemwangusha, kwa kumpa jibu la juujuu.

Tumelelewa kwenye nchi ambako cheo hiki ni cha kupewa. Tanzania, Ibara ya 59 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kumteua Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye anaingia bungeni kwa cheo chake. Kenya, Ibara ya 156 ya Katiba ya 2010 inamtaka Rais apendekeze jina na Bunge la Taifa liidhinishe. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, ninyi mkisikia cheo hiki mnamfikiria procureur, mwendesha mashtaka wa serikali, yule ambaye jina lako likifika mezani kwake unaanza kutafuta ndugu wa kukutetea. Nani angewahi kufikiri kwamba mtu kama huyo anaombwa aje mlangoni kwako na kipeperushi, akuombe kura?

Hapa ndivyo ilivyo. Katika majimbo 43 kati ya 50, wananchi humpigia kura Mwanasheria Mkuu wao. Matano humwachia gavana ateue, Maine huchaguliwa na wabunge wa jimbo, na Tennessee huteuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo. Desturi hii ilienea katikati ya karne ya 19, New York ikiwa miongoni mwa walioiingiza katika katiba yao, mwaka 1846. Wazo lilikuwa kwamba mtu anayeiambia serikali "hili ni halali, hili si halali" asiwe anamtegemea anayemwambia. Gavana wa Arizona hawezi kumfukuza Mwanasheria Mkuu wa Arizona. Wanaweza kuwa wa vyama viwili tofauti, wakavutana miaka minne mizima, kila mmoja na kura zake mfukoni.

Je, anafanya nini? Anazishauri na kuzitetea mahakamani idara za jimbo. Rufaa za kesi za jinai zinapofika juu, ofisi yake ndiyo inayosimama. Mtu aliyehukumiwa kifo hapa Arizona hauawi mpaka Mwanasheria Mkuu aombe hati ya kutekeleza adhabu hiyo kwa Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo. Lakini kesi nyingi za wizi na mapigano mtaani si zake, ni za mwendesha mashtaka wa kaunti, naye pia huchaguliwa kwa kura, siku nyingine tutamzungumza. Na kuna kazi moja inayotugusa sisi kuliko zote: kuwakinga wanunuzi na watumiaji dhidi ya matapeli.

Wengi mna bima ya afya ya jimbo, AHCCCS, tunayoiita "akses". Mei 2023 gavana na Mwanasheria Mkuu walisimama pamoja kutangaza kwamba bima hiyo imekuwa ikifyonzwa kwa miaka. Watu walifungua nyumba zilizodaiwa ni za kuwasaidia walevi na watumiaji wa dawa za kulevya waache. Magari yalikuwa yakienda mpaka kwenye maeneo ya Wenyeji wa Marekani, Wanavajo na wengine, yakiwachukua watu barabarani na madukani kwa ahadi ya kitanda, chakula na matibabu. Wakifikishwa hapa Phoenix waliandikishwa, na bima ikatozwa kwa matibabu ambayo hayakutolewa. Tiba hawakupata. Mara nyingine walipewa pombe ileile waliyokuja kuikimbia. Wengine walitupwa mitaani bila simu wala nauli ya kurudi kwao, familia zao zikibandika picha zao kwenye nguzo. Wapo waliofia humo. Hasara ya fedha za umma imekadiriwa kupita dola bilioni 2. Uchunguzi ulikuwa umeanza kabla ya Mayes, na haukuisha haraka kama wafiwa walivyotaka, lakini mashtaka yalifunguliwa na ofisi hiyo tunayoiruka kwenye karatasi.

Nani anajua kwamba hatutakuwa sisi zamu inayofuata? Kijana wetu mmoja alimlipa mtu aliyejiita mtaalamu wa karatasi za uhamiaji. Alinionyesha risiti yake: ukurasa uliochanwa kwenye daftari, kiasi kimeandikwa kwa penseli, hakuna jina, hakuna muhuri. Aliponiletea miezi minane ilikuwa imepita. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu, unajaza fomu, hutozwi kitu. Hakujua. Hata mimi sikumwambia mapema.

Kuna mfano mwingine, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu najua ukumbi huu una Wakristo na Waislamu wenye msimamo mkali juu ya jambo lenyewe. Aprili 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya Arizona ilisema sheria ya mwaka 1864 ya kukataza utoaji mimba inaweza kutumika. Mwaka 1864 Arizona haikuwa hata jimbo, ilikuja kuwa jimbo mwaka 1912. Mayes akasema akiwa madarakani hakuna mwanamke wala daktari atakayeshtakiwa kwa sheria hiyo. Mwezi uliofuata Bunge la jimbo likaifuta, gavana akatia saini. Hamadeh angekuwa kwenye kiti kile, msimamo wa ofisi ungekuwa mwingine. Ukiunga mkono alichosema Mayes, au ukikichukia, hilo ni la dhamiri yako na sitaligusa. Ninachotaka ukione ni kwamba maneno yale yalisemwa na mtu aliyeshinda kwa viti vya kumbi mbili.

Sidai kwamba kumpigia kura mwanasheria ni jambo safi lisilo na doa. Mgombea anahitaji fedha za kampeni, na mwenye fedha mara nyingi ni kampuni ambayo kesho inaweza kuwa mshtakiwa wake. Vyama vyote viwili vina mashirika ya kitaifa ya kuwachangia wagombea wa kiti hiki tu. Halafu kiti chenyewe ni ngazi: Bruce Babbitt na Janet Napolitano walikikalia hapa Arizona kabla ya kuwa magavana, Bill Clinton alianzia hapo kule Arkansas, na Kamala Harris alikishinda California mwaka 2010 kwa kura chache hata mpinzani wake alijitangaza mshindi usiku wa uchaguzi, akaja kukubali kushindwa wiki tatu baadaye. Mtu anayetazama ngazi ya juu anaweza kuchagua kesi zinazong'aa kwenye televisheni, akaiacha risiti ya penseli ya kijana wetu. Hofu hiyo ninayo. Na bado naona mtu anayehitaji kura yangu ana sababu ya kuisoma risiti ile kuliko asiyeihitaji.

Tarehe 3 Novemba mwaka huu kiti hiki kinagombewa tena. Simwombei mtu kura hapa. Naomba mambo madogo. Karatasi ikija kwa posta, usiiache juu ya friji. Jaza mbele, geuza, jaza nyuma. Weka kwenye bahasha ya kijani, na saini nje kwa saini ileile uliyojiandikisha nayo, kwa sababu wanazilinganisha. Ukipigiwa simu na kaunti kuhusu saini, usidhani ni tapeli ukakata, waulize ofisi yao mwenyewe kwa namba yao rasmi, maana siku za kurekebisha ni chache. Na kama Kiingereza kinakushinda, sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inakuruhusu kusaidiwa na mtu unayemchagua wewe, mtoto wako, jirani, shemeji, yeyote isipokuwa mwajiri wako au wakala wake, au kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Msaidizi anasoma na kueleza. Kuchagua ni kwako.

Mama yule wa Oktoba 2022 yuko humu leo, safu ya tatu, na amenipa ruhusa niseme. Matokeo ya kuhesabiwa upya yalipotangazwa, nilikwenda kwake nikamweleza tena, safari hii kwa saa nzima, habari za risiti, habari za 280. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama ile karatasi inaweza kurudishwa, amalizie pale alipoacha.

Nikamwambia hairudi. Akaniuliza nyingine inakuja lini, na akaandika mwaka kwenye kalenda ya kanisa iliyoko jikoni kwake, chini kabisa, ambako hakukuwa na nafasi. Imeandikwa kwa kalamu nyeusi: 2026.

Nadhani ana swali. Mpeni kipaza sauti.