Ua Linakufa kwa Kiu Likiwa Majini

Jambo yenu, wamama na wababa, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma.

Mwenyekiti amenitambulisha kama fundi wa maua. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Bukavu. Nakata maua kwenye uzio wangu, na kwa jirani akinikubalia. Nimekuja na kisu cha jikoni, bidoni, dumu la plastiki, niliyoikata nusu, kipande cha waya wa banda la kuku na ndoo hii. Nilichonunua ni mawaridi tu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo wengi tunapoyaua maua. Ndani ya shina kuna mirija myembamba inayopandisha maji. Ukishalikata na kuliacha nje, hewa inaingia mle. Kisha unalitumbukiza na majani yake yote, majani yanaoza, bakteria wanazaana na kuiziba mirija. Ua limesimama majini, linakufa kwa kiu. Ile harufu ya maji ya siku ya 4, nani haijui?

Basi kata asubuhi, kabla jua halijawa kali. Majani yatakayozama, yapukuchue. Shina likate tena kwa mshazari, hivi, kwa kisu kikali. Makasi butu yanaponda mirija. Tazameni hili: sehemu iliyokatwa ni pana, na shina halikai bapa kwenye kitako cha chombo likajiziba lenyewe. Yaache ndooni kivulini saa kadhaa kabla ya kuyapanga. Maji ubadilishe kila baada ya siku 2, na kila mara ukate shina kidogo tena. Wengine wanatia sukari. Sawa, kijiko kidogo kwa lita moja, lakini na matone ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na maji ya ndimu. Sukari peke yake ni kuwaandalia bakteria karamu.

Halafu ndizi. Nilipamba harusi ya mpwa wangu, nikalaza maua stoo, pembeni ya mikungu ya ndizi zilizoiva. Asubuhi nusu ya petali ziko sakafuni. Nilimshuku kila mtu mle ndani, hata paka. Kumbe tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huzeesha maua upesi.

Sasa waya. Ukunje kama mpira, uukaze ndani ya bidoni, na kila shina litapata tundu la kulishika. Constance Spry, Mwingereza aliyeshughulikia maua siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953, alitumia waya huu huu wa kuku, na hakuona haya kuchanganya maua na majani ya mboga. Kwa hiyo msinicheke nikichomeka tawi la muhogo. Sombe, yale majani yake, si lazima iishie chunguni.

Kupanga kwenyewe, shida yetu ni kujaza. Tunayashindilia maua kama abiria kwenye teksi ya Kadutu. Wajapani, katika ikebana, sanaa yao ya kupanga maua, huanza na matawi 3 tu. Shule ya Sogetsu, iliyoanzishwa mwaka 1927, inafundisha hesabu rahisi: jumlisha kimo na upana wa chombo, zidisha kwa moja na nusu. Bidoni yangu ina kimo cha sentimita 12 na upana wa 18, jumla 30. Tawi kubwa litakuwa 45. La pili robo tatu ya hilo, kama 34. La tatu robo tatu ya la pili, 25. Futi ya mtoto wa shule inatosha kupimia.

Mama mwenye kitenge cha kijani, njoo utuwekee la pili. Usilisimamishe sambamba na la kwanza. Liinamishe kuelekea dirishani. Zaidi kidogo... Hapo katikati pabaki wazi, usipazibe. Mwachieni, jamani, msimwelekeze nyote kwa pamoja!