Rangi ya Buluu Si Ushahidi

Ndugu zangu, wanaonijua wanasema, "Leo tena kobalti." Ndiyo, leo tena.

Askari anashika unga mweupe, anadondoshea kobalti thayosayaneti, kemikali ya kupimia kokeini kwa rangi, unageuka buluu: kokeini! Mtu analala rumande. Lakini lidokaini, ile ganzi ya daktari wa meno, nayo inatoa buluu. Difenhidramini iliyomo kwenye dawa nyingi za mzio, buluu. Na wasafirishaji nao wanajua kemia: wanaupaka unga rangi nyeusi, kipimo kinakwama, mzigo unapita. Kipimo kinachomshika mgonjwa wa meno na kumwachia mwenye mzigo, mnakitetea kwa lipi? Kwa bei? Haya, tuje kwenye umeme.

Mkemia Jaroslav Heyrovský alianza polarografia, yaani kutambua kemikali kwa umeme, huko Prague mwaka 1922, akapewa Nobel mwaka 1959, kwa hiyo msiniambie hii ni teknolojia ya juzi. Unaongeza volti polepole, unapima mkondo. Kila kitu kinachoweza kutoa elektroni kina volti yake ya kuzitoa. Hapo grafu inapanda kilele. Rangi ya unga haikuhusu. Elektrodi, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sampuli, ni za kuchapwa, ukoo mmoja na vile vijiti vya kupimia sukari ya damu: unatumia, unatupa.

Sasa sikilizeni kisa ninachokipenda. Wafugaji hapa wanaijua levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi. Watu wa kokeini huichanganya kwenye mali yao, na mtumiaji anaweza kuishiwa chembe nyeupe za damu bila kujua kwa nini. Antwerp, bandari ya Ubelgiji inayopitisha kokeini nyingi ya Ulaya, wanakemia wa chuo kikuu cha hapo walichapisha mwaka 2016 jambo la kuudhi: kwenye pH 7, yaani kimiminika kisicho asidi wala besi, levamisoli inakizima kabisa kilele cha kokeini. Kokeini imo, kifaa kinasema haimo!

Mtasema, "Si afadhali buluu yako?" Hapana! Hapa kosa linajulikana lilipo, na linarekebishika. Pandisha pH hadi 12, yaani besi kali: nitrojeni ya kokeini inaachia protoni, elektroni zinatoka kwa urahisi zaidi, na vilele vyote viwili vinaonekana kila kimoja mahali pake. Au ubaki kwenye pH 7, ila uipe elektrodi volti hasi kwanza kabla ya kupima. Buluu utaiambia nini? Haina pa kushika.

Mwenyekiti ananiangalia. Heroini, ambayo ndiyo shida ya mwambao wetu, naikimbilia tu: huchanganywa na parasetamoli na kafeini, na parasetamoli huoksidika upesi, yaani hutoa elektroni kwa volti ndogo, kilele chake kirefu. Ukikiona usishangilie, hicho ni kidonge cha kichwa. Endelea na volti za juu. Metamfetamini niulizeni kwenye chai.

Na mawakili mlioko nyuma, naona mnaandika. Sijasema grafu hii ipelekwe kwa hakimu peke yake. Hii ni ya mizani, ya bandarini, ya kituoni, kuamua kipi kiende maabara. Kule kuna spektrometa ya masi, kifaa kinachotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, na yule mkemia ndiye mtakayembana kizimbani.